Petroli Yenye Risasi: Karibu Miaka 100 ya Kusubiri Ushahidi

Tarehe 30 Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lenye makao makuu Gigiri, Nairobi, lilitangaza habari ambayo wengi wetu ilitupita hivi hivi: petroli ya magari yenye risasi imekwisha duniani. Nchi ya mwisho kuiuza vituoni, Algeria, ilikuwa imeacha mwezi Julai mwaka huo huo. Ukitafuta siku ilipoanza safari ya mafuta hayo, utarudi hadi Desemba 1921. Yaani karne nzima, kasoro miezi michache tu.

Kabla hatujaenda mbali tuelewane. Risasi ninayoizungumzia hapa ni metali, ile ambayo kwenye jedwali la elementi inaandikwa Pb. Kwa Kiswahili jina lake ni lile lile la risasi ya bunduki, na sababu inaeleweka, kwa kuwa zile za bunduki zilikuwa zikitengenezwa kwa metali hiyo.

Na kwamba metali hii ni sumu, wala haikuwa siri. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba maji yanayopita kwenye mabomba ya risasi si mazuri kwa afya. Alimwambia msomaji wake awatazame mafundi wa risasi jinsi miili yao ilivyopauka. Mwaka 1786 Benjamin Franklin wa Marekani aliandika barua ndefu kuhusu maumivu ya tumbo na kupooza mikono kwa watu waliofanya kazi na risasi, akashangaa jinsi jambo linalojulikana linavyochukua muda mrefu kufanyiwa kazi.

Sasa swali. Ikiwa sumu yenyewe ilijulikana tangu enzi za Roma, imekuwaje binadamu wakaitia kwenye mafuta ya gari, wakaichoma, wakaipuliza kwenye hewa ya miji yao, kisha wakahitaji karibu miaka 100 kuacha? Jibu la haraka ni tamaa ya pesa, na tamaa ilikuwepo kweli. Lakini tamaa peke yake haitoshi kuishika dunia nzima kwa karne moja. Kulikuwa na kitu kingine, na hicho kilivaa koti jeupe la maabara.

Injini inayogonga

Ukikaa gereji yoyote utamsikia fundi akisema injini "inagonga". Maana yake ni kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda unawaka kabla ya wakati wake au pasipo mpangilio, badala ya kuungua kwa utulivu pale plagi inapotoa cheche. Injini inapoteza nguvu, na ikiendelea hivyo inaharibika. Miaka ya baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, tatizo hili ndilo lililowazuia watengenezaji wa magari kuunda injini zenye nguvu zaidi.

Kampuni ya General Motors ilimpa kazi hiyo mhandisi Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Charles Kettering huko Dayton, Ohio. Midgley alijaribu kemikali moja baada ya nyingine. Tarehe 9 Desemba 1921 aliongeza kiasi kidogo cha risasi tetraethili kwenye mafuta, na injini ikanyamaza kabisa.

Haikuwa dawa pekee. Midgley na Kettering walijua vizuri kwamba hata alkoholi, ile ethanoli inayotokana na mahindi au miwa, inazuia kugonga. Tatizo la alkoholi ni kwamba mtu yeyote anaweza kuitengeneza, na huwezi kuikatia hataza. Risasi tetraethili ungeweza kuidhibiti, na ilihitajika kidogo sana kwa kila galoni. Mwezi Februari 1923 mafuta hayo yalianza kuuzwa Dayton. Jina la kibiashara likawa "Ethyl". Neno risasi halikuonekana popote kwenye jina hilo.

Nyumba ya Vipepeo

Dalili mbaya zilianza mapema, tena kwa mvumbuzi mwenyewe. Mwanzoni mwa 1923 Midgley aliugua kutokana na risasi, ikabidi aende Florida kupumzika na kuvuta hewa safi.

Waliofuata hawakuwa na bahati ya Florida. Mwezi Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza kemikali hiyo walianza kuchanganyikiwa, wakiona vitu visivyokuwepo. Ndani ya siku chache watano walikufa na zaidi ya 30 wakalazwa hospitali. Magazeti yaliibatiza "gesi ya wendawazimu". Kumbe si Bayway tu. Wafanyakazi walikuwa wamekufa Dayton pia, na katika kiwanda cha DuPont huko Deepwater wenyewe walikuwa wameshalipa jengo lao jina la utani, Nyumba ya Vipepeo, kwa sababu watu walikuwa wakipunga mikono kufukuza wadudu ambao hawapo.

Tarehe 30 Oktoba 1924 Midgley aliitisha mkutano wa waandishi wa habari. Mbele yao alijimwagia kemikali hiyo mikononi, akaweka pua kwenye chombo na kuvuta mvuke wake kwa takriban dakika nzima, ili kuonyesha kuwa haina hatari. Mtu yule yule aliyekuwa ameugua kwa risasi mwaka mmoja kabla!

Jiji la New York na maeneo mengine yalisimamisha mauzo. Mwezi Mei 1925 Mganga Mkuu wa Marekani aliitisha mkutano Washington. Upande mmoja alikuwepo Yandell Henderson, mtaalamu wa fiziolojia wa Yale, na Alice Hamilton wa Harvard, daktari aliyekuwa amezunguka viwanda vingi akichunguza magonjwa ya wafanyakazi. Hoja yao haikuhusu viwanda peke yake. Walisema gari litakuwa linatema vumbi la risasi kila siku mitaani, kidogo kidogo, hadi watu wapate madhara polepole bila yeyote kujua chanzo chake. Upande wa pili, mwakilishi wa kampuni ya Ethyl aliyaelezea mafuta hayo kuwa kama zawadi kutoka kwa Mungu, ambayo haiwezi kuachwa kwa sababu ya hofu tu.

Iliundwa kamati. Ilipima wanaume 252, wengi wao madereva na wafanyakazi wa gereji, na mwezi Januari 1926 ikatoa jibu: hakuna sababu ya kutosha ya kupiga marufuku. Kamati hiyo hiyo ilitahadharisha kwamba matumizi yakienea sana, hali inaweza kuwa tofauti kabisa, na ikashauri uchunguzi uendelee. Mauzo yalirudi haraka. Uchunguzi huru uliopendekezwa ukasahaulika.

Onyesha kwanza madhara

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko Midgley katika historia hii. Anaitwa Robert Kehoe, daktari wa Cincinnati. Kwa takriban miaka 40 yeye ndiye aliyekuwa sauti kuu ya sayansi ya risasi Marekani, na maabara yake ilijengwa na kuendeshwa kwa fedha za wale wale waliotengeneza na kuuza mafuta hayo.

Msimamo wake unaweza kufupishwa hivi: nionyesheni madhara halisi, nami nitakuwa wa kwanza kusema tuache, mkishindwa kuonyesha, tuendelee. Ukiusikia haraka haraka unaonekana ni msimamo wa kisayansi kabisa. Nani anapinga ushahidi? Lakini tazama kinachotokea. Wajibu wa kuthibitisha unamwangukia anayevuta moshi, huku anayeutoa akiendelea na biashara. Na kwa kuwa maabara kubwa ya utafiti huo ilikuwa ya Kehoe mwenyewe, ushahidi ungetoka wapi?

Vipimo vyenyewe vilikuwa na kasoro ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiona. Katika uchunguzi wake wa mwanzo Kehoe aliwalinganisha wafanyakazi walioshughulika na risasi tetraethili na wenzao ambao hawakuishughulikia. Alikuta makundi yote mawili yana risasi mwilini, akahitimisha kwamba ni jambo la kawaida kwa binadamu kuwa nayo. Shida ni kwamba wote walikuwa wakifanya kazi kiwanda kimoja. Ni sawa na kutaka kujua kama mvua inalowesha watu, halafu ukalinganisha watu wawili waliosimama chini ya mvua ile ile.

Kutoka hapo ukajengeka ukuta wa hoja: risasi mwilini ni ya asili, mwili unaitoa wenyewe, na mtu yuko salama mpaka kipimo cha damu kifike mikrogramu 80 kwa desilita. Kwa kulinganisha tu, leo Marekani mtoto akikutwa na mikrogramu 3.5 anatakiwa kufuatiliwa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chochote kinachojulikana kuwa salama.

Aliyekuwa akitafuta umri wa Dunia

Ukuta huo haukubomolewa na daktari. Ulibomolewa na mtu aliyekuwa anashughulika na mawe.

Clair Patterson alikuwa mwanajiokemia aliyetaka kujua umri wa Dunia. Njia yake ilikuwa kupima isotopu za risasi, kwa sababu urani inapooza kwa mamilioni ya miaka inageuka kuwa risasi. Ukijua uwiano wake ndani ya kimondo cha kale, unaweza kukokotoa muda. Lakini kila alipopima, alikuta risasi nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na majibu hayalingani. Ilimchukua miaka kugundua kwamba risasi ya ziada haikuwa ndani ya jiwe. Ilikuwa kwenye hewa ya maabara, kwenye vyombo, kwenye nguo, kwenye nywele zake mwenyewe.

Akajenga chumba safi kupindukia, na mwaka 1956 akachapisha jibu ambalo tunalitumia hadi leo: Dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.55. Mwingine angeishia hapo na kufurahia sifa. Patterson alibaki na swali: hii risasi yote iliyokuwa inanisumbua imetoka wapi?

Alipima maji ya bahari, akakuta tabaka la juu lina risasi nyingi kuliko kilindini. Maana yake ni kwamba imeingia karibuni, tena kutoka juu. Yeye na wenzake walichimba barafu ya Greenland, ambako theluji ya kila mwaka inalala juu ya ile ya mwaka uliopita kama kurasa za daftari. Risasi iliongezeka tangu mapinduzi ya viwanda, kisha ikapanda kwa kasi baada ya 1940. Kwenye makala yake ya 1965 alisema jambo zito: Mmarekani wa kawaida alikuwa amebeba risasi takriban mara 100 ya ile ambayo binadamu angekuwa nayo kiasili.

Hapo ndipo hoja ya Kehoe ilipovunjika mgongo. Kehoe alikuwa ameonyesha kwamba risasi ni ya *kawaida*. Patterson akaonyesha kwamba kawaida si sawa na *asili*. Kama kijiji kizima kinakunywa maji ya kisima kimoja kibovu, kuumwa tumbo kutakuwa kawaida pale kijijini, lakini hakutageuka kuwa afya.

Mwaka 1966 wote wawili walitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na Edmund Muskie. Patterson alilipia msimamo wake. Ufadhili kutoka sekta ya mafuta ulikatika, na mwaka 1971 Baraza la Taifa la Utafiti lilipounda jopo la kuchunguza risasi iliyopo hewani, mtu aliyeijua kuliko wote hakualikwa.

Meno ya watoto

Lilibaki swali moja. Sawa, risasi imetoka kwenye magari. Je, kiasi hicho kidogo, ambacho hakimwangushi mtu, kinadhuru?

Herbert Needleman, daktari wa watoto, alikuja na wazo jepesi. Damu inaonyesha risasi ya karibuni tu, kwa kuwa inayoingia mwilini huhamia kwenye mifupa na meno. Kwa hiyo aliwaomba watoto wa shule za Chelsea na Somerville, Massachusetts, wamletee meno yao ya utotoni yanapong'oka. Matokeo aliyochapisha mwaka 1979 yalionyesha kwamba watoto wenye risasi nyingi zaidi kwenye meno walipata wastani wa pointi kama 4 pungufu kwenye vipimo vya akili, na walimu waliwaona kuwa na shida zaidi ya kutulia na kufuata maelekezo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelazwa kwa sumu ya risasi. Walikuwa watoto wanaoonekana wazima kabisa.

Kibaiolojia inaeleweka. Mwili unaichukulia risasi kama kalsiamu, hivyo inapita milango ambayo isingepaswa kupita, hadi kwenye ubongo unaojengwa. Mtoto mdogo anaweza kufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye kiasi kile kile alichomeza. Kwa watu wazima inapandisha shinikizo la damu na kuharibu figo na moyo.

Needleman naye hakuachwa. Mwaka 1991 alishtakiwa kuwa amevunja maadili ya utafiti, akachunguzwa, akaonekana hana hatia.

Kilichoiondoa kwanza

Ungetegemea niseme kwamba meno hayo ndiyo yaliyoiondoa petroli yenye risasi Marekani. Hapana. Uondoaji ulikuwa umeshaanza kwa sababu nyingine kabisa. Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ililazimisha magari yapunguze moshi, na njia iliyopatikana ni kile kifaa cha kusafisha gesi kinachofungwa kwenye ekzosi. Risasi inakiharibu. Kwa hiyo magari mengi mapya ya 1975 yalihitaji petroli isiyo na risasi. Kifaa cha chuma kililindwa kabla ya mtoto.

Hata hivyo faida ilimfikia mtoto. Kati ya 1976 na 1980 wastani wa risasi kwenye damu ya Wamarekani ulishuka kwa asilimia 37, sambamba na kupungua kwa risasi kwenye mafuta. Ushahidi ulioombwa tangu 1925 ukapatikana hatimaye, na ulipatikana kwa sababu watu walianza kuacha. Marufuku kamili kwa magari ya barabarani ilikuja Januari 1996.

Kwetu

Masoko ya nchi tajiri yalipofungwa, kemikali haikukosa pa kwenda. Mwaka 2002 zaidi ya nchi 100 zilikuwa bado zinaitumia. Mwaka 2010 kampuni ya Innospec, iliyokuwa ikiitengeneza Uingereza, ilikiri mbele ya mahakama za Uingereza na Marekani kuwa ilitoa rushwa kwa maofisa wa Indonesia na Iraq ili biashara iendelee.

Afrika kusini mwa Sahara ilikwenda haraka kuliko wengi walivyotarajia. Juni 2001 wawakilishi wa nchi zetu walikutana Dakar na kukubaliana kuiondoa. Mwaka uliofuata ulianzishwa ushirikiano wa kimataifa wa mafuta safi, ukiratibiwa na UNEP kutoka Nairobi. Kufikia Januari 2006 eneo zima lilikuwa limeacha. Marekani walichukua zaidi ya miaka 20. Sisi tuliopoamua, ilituchukua kama minne na nusu. UNEP inakadiria kwamba kuondoka kwa mafuta haya duniani kunazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Lakini risasi haiozi. Ile iliyodondoka kwenye udongo wa kando ya barabara haiondoki yenyewe, na iliyoingia kwenye mifupa hukaa miongo, ikirudi kwenye damu taratibu, hasa wakati wa ujauzito. Pia ndege ndogo za injini za pistoni bado zinatumia mafuta yenye risasi sehemu nyingi duniani.

Na ule mchezo wa "thibitisha kwanza" haukwenda na petroli. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, alianza kupaza sauti baada ya mwanawe kuugua na vipimo kuonyesha risasi kwenye damu. Kazi ya kukusanya vipimo na kuthibitisha ikawa ya wakazi wenyewe. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na hata baada ya hapo kesi iliendelea kupanda ngazi za rufaa.

Kuna upande wa matumaini. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hakuna aliyesubiri kuhesabu makaburi ya jirani ndipo achukue hatua. Ushahidi wa kwingine ulitosha.

Kwa hiyo siku utakaposikia mtu akisema kuhusu moshi wa jalala, wa tanuru au wa malori kwamba "hakuna ushahidi kuwa unadhuru", usimjibu kwa hasira. Muulize: nani alipima? Alilinganisha na watu gani? Nani alilipia? Miji yetu mingi ina vituo vichache mno vya kupima hewa, na mara nyingi "hakuna ushahidi" huwa na maana ndogo tu kwamba hakuna aliyekwenda kupima.